Ushauri: Nataka kufunga duka la dawa za mifugo nikaishi shamba. Je, nakwenda au nakimbia?

Daktari_Magugu

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni daktari wa mifugo, nina miaka 38. Nilisoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, nikafanya kazi za mkataba hapa na pale, na sasa ni mwaka wa tisa nina duka la dawa za mifugo na pembejeo Arusha. Asubuhi niko dukani, mchana naitwa huku na kule: ng'ombe kashindwa kuzaa, kuku wanakufa, mbwa kagongwa. Duka linalipa. Ada ya watoto wawili inatoka humo.

Marehemu baba aliniachia ekari 14 kati ya Magugu na Kwakuchinja, barabara ya kwenda Babati. Wanaopafahamu wanajua kwamba ni mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naamka nakuta nyayo za pundamilia shambani. Tembo wakija, baba alipiga debe usiku kucha, asubuhi akahesabu mahindi yaliyobaki, kisha akaendelea na palizi.

Mwaka jana mwezi wa kumi alikuja mteja akataka dawa ya wadudu, ile ya punje. Akasema ni ya bustani. Nikamuuzia bila kuuliza swali la pili, kulikuwa na foleni. Baada ya wiki mbili nikaitwa kijijini kwake, ng'ombe wa jirani yake kondo la nyuma limekwama. Njiani, kando ya korongo, nikakuta fisi watatu wamekufa. Kuwazunguka walikuwa tumbusi. Nilihesabu 23 nikaacha. Wengine walikuwa bado hai, mabawa yametandazwa chini, shingo hazinyanyuki, mate yanawatoka. Katikati kulikuwa na mzoga wa mbuzi umepasuliwa tumbo, na punje zile za rangi ninazozijua kwa sababu zilitoka kwenye rafu yangu.

Yule bwana hakunificha. Fisi walikuwa wamemmalizia mbuzi sita kwa usiku mmoja, na mbuzi mmoja kati ya hao alikuwa amemtenga kwa ajili ya karo ya binti yake. Sikuweza kumchukia. Tumbusi mgongo mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda likifa ndiyo basi mpaka mwaka ujao. Hesabuni wenyewe itachukua miaka mingapi kuwarudisha wale wa siku moja.

Tangu hapo naangalia rafu zangu kwa jicho jingine. Aivamektini, dawa ya minyoo ninayowauzia watu kila wiki, hutoka na kinyesi cha ng'ombe, ikaua viluwiluwi vya dundu wanaofukia samadi ardhini. Diklofenaki, dawa ya maumivu, iliwamaliza tumbusi wa India, walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliochomwa sindano hiyo, figo zinakufa. India, Pakistani na Nepali walipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, wakati spishi kadhaa zilikuwa zimebaki chache mno. Niliapa kutibu viumbe. Sioni kama ndicho ninachofanya.

Nia yangu ni kufunga duka na kuhamia shamba. Ng'ombe kumi wa asili, mbuzi, mizinga. Ekari tano niziache zote pori, wanyama wapite. Nisitumie dawa yoyote ya kiwandani, niishi na ardhi ile jinsi ilivyo. Akiba ninayo ya mwaka mmoja na nusu hivi.

Mke wangu ni muuguzi. Hajakataa. Ameniuliza swali moja tu: "Ukihamia huko kwenye miti yako, wale fisi wataacha kula mbuzi wa watu?" Sijamjibu mpaka leo, ni mwezi wa pili huu.

Naombeni ushauri, hasa walioacha mji, na wafugaji wa ukanda ule.

---

KulwaMfugaji

Pole sana mkuu. Swali moja kabla ya yote: uliwataarifu watu wa wanyamapori? Maana mizoga yenye sumu ikiachwa inaendelea kuua.

Kuhusu mpango wako, hesabu ya malisho haijakaa sawa. Ekari 14 ukitoa tano za pori, ukatoa nyumba na shamba la chakula, ng'ombe kumi watakula nini Septemba? Watakwenda kwa jirani. Utakuwa unalinda pori lako kwa nyasi za mwenzako.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Kwetu tuna ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, haiguswi hadi kiangazi kikali. Wazee wetu walikuwa nazo tangu zamani, baadaye miti ikafyekwa, mkoa ukawa jangwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) watu wakarudishiwa kile kile cha babu zao, na miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki, mingi bila hata kupandwa. Anza na ng'ombe watatu na ngitili ya ekari nne. Utaona ndege wanarudi kabla hujamaliza mwaka wa tatu. Pori lisiloliwa kabisa na pori linalopumzishwa ni vitu viwili, na la pili ndilo litakalokulisha.

---

Daktari_Magugu

Ndiyo Kulwa, niliwapigia siku ile ile. Walikuja wakachukua sampuli, tukachimba shimo na vijana wa kijiji, tukachoma na kufukia vyote. Nilieleza pia kwamba dawa ilitoka kwangu.

Hiyo ya nyasi za Septemba sikuifikiria vizuri. Asante.

---

Yeyo_Nasieku

Daktari, shikamoo kwa kazi yako, na pole kwa ulichokiona.

Mimi niko Simanjiro. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire mvua zikinyesha wanakuja kuzalia kwetu, tunakaa nao, hatukuhitaji mtu wa kutufundisha. Lakini hapo uliposema "bila dawa yoyote" umenishtua. Wewe umesoma, unaniambiaje mimi?

Kabla ya chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mama yangu alikuwa akiona ndama kavimba tezi chini ya sikio anaanza kulia kabla ndama hajalala chini. Mwaka mbaya, katika ndama kumi tulikuwa tunabaki na wanne, watano. Nilipochanja wangu, wenye hereni sikioni, vifo vikaisha karibu vyote. Na sasa siogeshi kila wiki kama zamani. Sasa niambie, kipi kinaua wadudu wachache: chanjo moja ya maisha, au dawa ya kuogesha wiki 52 za mwaka?

Kupe hawajui mpaka wa ekari zako. Ukiwa na ng'ombe wasiochanjwa pale njia ya wanyama, watakaoumia kwanza ni ng'ombe wako, wa pili ni wangu.

Na mkeo ameuliza swali la mtu mwenye akili. Kwetu fisi na simba waliacha kuingia bomani tulipobadilisha boma. Miiba mikavu peke yake wanaipenya. Tulichimbia nguzo za miti inayochipua, tukafunga wavu wa chuma, nguzo zikaota majani, kila mwaka ukuta unazidi kuwa mnene. Simba anazunguka nje mpaka anachoka. Tangu boma langu liwe hivyo sijasikia mtu wa kitongoji chetu akitafuta sumu. Mwenye mbuzi salama hana haja na punje zako.

---

MzeeWaJosho

Mwanangu Daktari, mimi nilistaafu kazi ya mifugo, nimekaa kwenye majosho na chanjo miaka 34. Nitakusimulia jambo ambalo vijana wengi wa taaluma yetu hawalipi uzito.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890. Iliua ng'ombe, nyati na nyumbu, na Wamaasai walikufa kwa njaa mpaka leo kizazi kile kinakumbukwa. Iliendelea kurudi miaka na miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa hawafiki laki tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Nani aliwatibu nyumbu? Hakuna. Hakuna aliyemchoma nyumbu sindano. Tulichanja ng'ombe pembezoni mwa hifadhi, ugonjwa ukakosa pa kukaa, nyumbu wakaacha kufa. Walipoongezeka wakala nyasi, nyasi zikapungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuchoma, miti ikarudi. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imetokomezwa.

Kwa hiyo lile pori unalotaka kwenda kuishi nalo, sehemu yake limejengwa na watu waliobeba masanduku ya barafu juani, wakishikana na ndama wa watu wasiopenda serikali. Nilikutana nao nilipoanza kazi. Sikuwahi kusikia hata mmoja akisema anaishi na maumbile.

Mfano wa upande mwingine ni mwaka 1994. Ugonjwa wa mbwa, distempa, ulipita kwa simba wa Serengeti, karibu theluthi moja wakafa. Vijiji vya pembeni vina mbwa tele. Sasa wewe una ekari 14 kwenye mapito ya wanyama, na vijiji vyenye mbwa kila upande. Nikikuwekea kwenye mizani ekari tano za pori na kijiji ambacho mbwa saba kati ya kila kumi wamechanjwa, mimi najua nitachagua kipi.

Hilo la dawa una haki, na lifanyie kazi kama daktari. Diklofenaki ondoa dukani, weka meloksikamu, hiyo tumbusi wanaistahimili. Aivamektini mpe mnyama mwenye minyoo, usiwape kundi zima kwa kalenda. Angalia kinyesi kwanza, hadubini unayo. Dawa za kuogesha zenye oganofosfeti huwaua ndege wanaodonoa kupe mgongoni, amitrazi ni afadhali kwao. Sumu ya punje usiuze tena, hata kwa mtu wa bustani. Haya yote huwezi kuyafanya ukiwa umefunga duka. Atafungua mwingine, na hatauliza hata lile swali la kwanza.

Usichukulie nakugombeza. Ulivyowaambia wale maafisa dawa imetoka kwako, wengi wasingethubutu.

---

Ben_wa_Taita

Daktari, kwa upande wa ndovu nina la kusema. Huku kwetu Sagalla, jirani na Tsavo, mizinga inaning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba, kama kila mita kumi hivi. Ndovu akisukuma waya, mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka. Wengi hugeuka. Si wote, na mwaka wa ukame nyuki wenyewe huhama ukabaki na masanduku matupu, kwa hivyo wawekee maji na miti ya maua. Asali yangu ya msimu mzuri hulipa karo ya muhula mmoja. Hilo wazo lako la mizinga ndilo ninalolipenda kuliko yote, ila izungushe shamba, usiifiche porini.

---

Anna_K

Mimi nimeolewa na mtu aliyeacha kazi akahamia shamba, basi nitamsemea mkeo. Umeandika ng'ombe, fisi, dundu wa samadi. Kazi ya mkeo umeipa sentensi moja. Zahanati iko umbali gani? Ataomba uhamisho au ataacha? Watoto watatembea kwenda shule kwenye njia hiyo hiyo ya tembo? Kaa naye, kaka, uliza hayo kabla hujachimba hata shimo la nguzo.

---

Daktari_Magugu

Nimesoma kila kitu mara mbili. Cha Mzee nimemsomea mke wangu kwa sauti, na cha dada Anna ameomba nimpe simu asome mwenyewe.

Jana usiku tumezungumza mpaka saa saba. Duka halifungwi. Leo asubuhi nimeondoa diklofenaki na zile punje, na nimemwambia kijana wangu wa kaunta kwamba akija anayetaka sumu ya kuua mnyama nipigiwe simu mimi, nitamwuliza boma lake likoje. Nitakuwa Arusha Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa hadi Jumapili shamba. Zahanati ya karibu na shamba ina upungufu wa wauguzi, mke wangu ataulizia uhamisho mwakani, kabla ya hapo watoto hawahami. Ng'ombe watatu, ngitili ekari nne, mizinga kuzunguka mahindi. Ndama nitachanja.

Shamba si mahali pa kupumzika tena kichwani mwangu, ndiyo maana naona nitaliweza.

Nimempigia pia yule bwana wa mbuzi sita. Nilitaka kumwomba msamaha, akanitangulia yeye. Amekubali tujenge boma lake kwanza kabla ya langu, mimi natoa wavu.

Yeyo Nasieku, zile nguzo mlikata mwezi gani? Nikikata kiangazi hiki zitashika, au nisubiri mvua za vuli?

---

Yeyo_Nasieku

Kata mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa umelala, kabla haujatoa majani. Ziache kivulini siku chache kidonda kikauke, usimwagie maji. Chimbia kina cha mkono hadi kwenye kiwiko na zaidi, mvua ya kwanza ikute ziko ardhini. Nikija mnadani nitakupitia nizione, na nitakuja na binti yangu anayesoma mifugo, aone hadubini yako.