Rozimari ya ndani inakauka huku udongo umelowa, shida ni nini?

Mpishi_Upanga
Habari zenu wakuu. Nina rozimari sebuleni, ghorofa ya 3 Upanga. Ipo kwenye ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye matundu mawili chini, udongo mweusi wa kwa wauza miche uliochanganywa na samadi. Imekaa kama mita 2 kutoka dirishani, dirisha linatazama kaskazini. Inapata kikombe cha maji kila asubuhi, maji ya kisima cha jengo, yana chumvi kidogo. Majani ya chini yamekuwa ya kahawia na yanapukutika ukiyagusa, ncha bado kijani ila zimelegea. Kuongeza maji hakujasaidia. Naiokoaje? Au kwa joto la Dar huu mmea hauwezekani?

Bustani ya Kibarazani
Mkuu, joto halina kesi hapa. Mmea wako unazama. Mzizi ukikosa hewa unaoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji, ndiyo maana juu unaona kiu wakati chini ni tope. Kila kikombe unachoongeza kinaumalizia.

Hakikisha kwanza. Utoe na donge lake lote. Mizizi mizima ni myeupe na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, ukiibana kwa vidole ganda linachomoka na kubaki kiuzi cha katikati, na inanuka kama mtaro. Halafu kwangua gome la shina kwa ukucha, karibu na udongo. Kijani maana yake uhai upo. Kahawia mpaka ndani, hapo pamekufa.

Kama zaidi ya nusu ya mizizi imeoza, achana na mama, okoa watoto. Kata vipandikizi leo leo kabla ncha hazijafa: sentimita 10 hadi 12, tawi changa linaloanza kukomaa, lisilo na maua. Pukutisha majani ya sentimita 5 za chini, chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa nusu kwa nusu na vumbi la makumbi ya nazi. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi. Weka penye mwanga lakini si jua kali. Wiki 4 hadi 6 hivi, vuta kidogo sana; kikigoma, mizizi imeshika. Chomeka 6 au zaidi, maana vingine vitaoza tu, hasa masika.

Kama mizizi mingi ni mizima, kata iliyooza kwa mkasi safi, punguza matawi ya kijani kama theluthi moja, hamishia chungu cha udongo wa kufinyanga cha sentimita 20. Usikate mpaka kwenye mti mkavu usio na majani. Rozimari haichipui hapo.

Mkazi wa Sinza
Niongezee: udongo wenye samadi nyingi ni wa mchicha. Kwa rozimari weka makopo 2 ya udongo wa kawaida, 2 ya mchanga mnene, 1 ya mboji iliyoiva. Na chini ya chungu tandika kokoto ili maji yatoke.

Bustani ya Kibarazani
Mchanganyiko safi, ila kokoto za chini hapana. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe. Yanasimama juu ya tabaka la kokoto, yaani umeinua tope likakaribia mizizi. Chenga za kokoto changanya humo humo kwenye udongo. Kwenye tundu weka kipande cha neti ya dirisha, basi. Hata kokoto za matumbawe zinafaa, maana kwao Mediterania rozimari inaota kwenye miteremko ya mawe ya chokaa kama hayo. Mchanga wa ufukweni usiguse, una chumvi.

Jua_na_Kivuli
Mmeongea maji, mwanga hamjaugusa. Mita 2 kutoka dirishani kwa rozimari ni giza, hata kama wewe unasoma gazeti hapo. Mmea huu unataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku. Mmea wa kivulini unakunywa kidogo, kwa hiyo udongo haukauki, na tatizo la maji linaanzia hapo.

Dar tuko kusini mwa Ikweta, karibu nyuzi 7. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linaegemea kaskazini, miezi mingine linaegemea kusini. Kwa hiyo dirisha lako linapata jua sehemu tu ya mwaka, na hata wakati huo jua la mchana liko juu sana, kibaraza cha jirani wa juu kinalikinga. Dirisha la mashariki au magharibi ndilo linaingiza jua mwaka mzima. Usiutoe kivulini ukaubandika juani siku hiyo hiyo; ongeza saa moja moja kwa wiki nzima. Kama huna upande huo, taa nyeupe ya LED ya wati 20 hadi 40, sentimita 25 juu ya mmea, saa 14 kwa siku.

Mpishi_Upanga
Nimeutoa. Mizizi ya pembeni imeoza, ya katikati bado myeupe. Kuna chumba cha mashariki, ila kina AC. Na maji je, nitumie haya haya ya kisima?

Bustani ya Kibarazani
Basi una nafasi. AC si adui, tena inapunguza unyevu wa hewa. Isiupulizie tu mmea moja kwa moja. AC isipowashwa, fungua dirisha au washa feni ya polepole. Hewa iliyosimama inaleta ukungu mweupe kama unga kwenye majani, na utitiri mwekundu utauona kwa utando mwembamba kwenye ncha. Utitiri nyunyizia jioni mafuta ya mwarobaini mililita 5 na matone ya sabuni kwa lita 1 ya maji, rudia baada ya siku 7, majani uyaoshe vizuri kabla ya kupikia.

Maji: acha ratiba ya kila asubuhi. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka katikati ya chungu, kikitoka na udongo umeng'ang'ania, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga ya kwenye sahani. Maji ya kisima yakiacha ukoko mweupe juu ya udongo au pembeni mwa chungu, chumvi imejaa. Pitisha lita 8 hadi 10 za maji ya mvua au ya bomba polepole yatoke yote, kila mwezi au miwili.

Mbolea usiweke kabisa mpaka uone machipukizi mapya. Baada ya hapo NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, kila wiki 6 au 8. Urea (mbolea ya naitrojeni tupu) usithubutu: matawi yatarefuka yakiwa laini, harufu itapungua na vidukari watahamia.