Nimepata 411 kwenye VTNE, nirudie vipi mwezi wa 7?

MwanaMpwapwa
Wakuu habari za muda huu. Nipo Texas, nimemaliza chuo cha miaka miwili huku cha ufundi wa mifugo na kabla ya hapo nilikuwa na diploma ya LITA, chuo cha mifugo nyumbani Tanzania, yaani nimechanja ng'ombe homa ya mapafu kabla sijajua hata paka anachanjwa nini. Nikajua pepa hii ya VTNE, mtihani wa kupata leseni ya ufundi wa mifugo huku, ni mteremko. Nimepata 411, wanataka 425. Kinachoniuma ni kwamba msuli nilipiga kweli, kitabu nimekimaliza mara mbili nikiwa zamu ya usiku, ila kufika pale maswali 170 kwa masaa matatu, mara jino namba 208, mara mfuko wa mashine ya nusukaputi, ng'ombe wangu wamegusiwa tu juu juu. Dirisha la mtihani linafunguliwa tena katikati ya mwezi wa 7. Aliyepita huko anisaidie, nianzie wapi?

mama_paka
Pole mdogo wangu, 14 tu hizo, zinarudi. Ila usirudie kitabu mara ya tatu, utakuwa unasoma unachokijua. Mimi meno yalinitesa mpaka nikaacha kukariri. Namba ya kwanza ni pande za mdomo: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, na ni kulia kwa mnyama sio kwako unayemtazama. Halafu tarakimu mbili za mwisho ni jino lenyewe, unahesabu kutoka mbele: la nne ndio chonge na la tisa ndio gego la kwanza, ukiyajua hayo mawili mengine unahesabu tu kwenda mbele au nyuma. Hiyo 208 yako ni jino kubwa la kukatia nyama, juu kushoto. Mbwa mkubwa ana meno 42, paka 30. Nilikuwa namshika mbwa wa jirani namfungua mdomo kila jioni, mwishowe akiniona anaingia chini ya gari.
Na kuna maswali 20 mle hayahesabiwi, wanayajaribu tu, hujui ni yapi, kwa hiyo ukikuta la ajabu usikae nalo dakika tano.

Kiboko wa Kabete
Boss pole sana. Mimi ni wa AHITI, chuo cha mifugo huko Kenya, tulidhani hivyo hivyo. Shida yako naiona ni hesabu, si kusoma. Hebu fanya hii bila kikokotoo: mbwa wa pauni 66, meloxicam (dawa ya maumivu) 0.2 mg kwa kilo, chupa ni 5 mg/ml. Unampa ml ngapi? Na akilazwa kwa nusukaputi utamwekea mfuko wa kupumulia wa lita ngapi?

MwanaMpwapwa
66 mara 0.2 ni 13.2, gawa kwa 5 ni 2.64 ml. Mfuko sikumbuki.

Kiboko wa Kabete
Umeona sasa? Umeshamchoma figo huyo mbwa. Pauni 66 ni kilo 30 (gawa kwa 2.2), dozi ni 6 mg, sindano ni 1.2 ml. Na hiyo 2.64 utaikuta kwa majibu ya kuchagua imekaa tu inakungoja, hawa watu wanajua vile tutakosea. Mfuko ni 60 ml kwa kilo, hapo 1800, chukua wa lita 2. Wewe umezoea kilo na huku swali linakuja na pauni, kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote andika kilo kwa karatasi, hata kama ni swali rahisi. Fanya hesabu kumi kila siku ukiwa umechoka, si ukiwa fresh.

mama_paka
Ahahaha na asubuhi kabla ya zamu. Halafu ukishapita usisahau Texas kuna mtihani mwingine mdogo wa sheria za jimbo ndio upewe LVT yako, yaani leseni ya fundi wa mifugo.

MwanaMpwapwa
Aisee. Nimeenda kuangalia daftari langu la mazoezi sasa hivi, hesabu nane za dozi nilizokosa mwezi ule, sita ni pauni. Sita! Mimi nilikuwa narudia kusoma sura nzima ya dawa.
Kiboko tupia nyingine mkuu, na ya dripu kama unayo.