Difu ya nyuma inalia baada ya kubadilisha kraun na pinioni, shida ni nini?

PikapuNyekundu
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wazoefu wa difu (lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma). Pikapu yangu inavuta tairi za nyuma, difu meno yalishakatika nikanunua seti mpya ya kraun (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) pamoja na beringi na sili zote, fundi akafunga, oili ikawekwa, gari ikatoka. Sasa kuanzia spidi ya 60 hivi inaanza kulia uuuuuu na kadri spidi inavyopanda mlio ndo unazidi kuwa mwembamba, ila cha ajabu nikikanyaga mafuta unapungua karibu kupotea, nikiachia tu gari itembee yenyewe unarudi kwa nguvu mpaka ukikaa ndani huwezi kuongea vizuri. Nikikata kona haubadiliki. Fundi anasema gia mpya lazima zilie, zitazoeana zenyewe mi nitembee tu. Ni kweli au ndo naziua hivi hivi?

BwanaTairi
Kabla hujahangaika na difu zungusha tairi, za mbele peleka nyuma. Tairi iliyoliwa vibaya inavuma hivyohivyo.

BintiGereji
Kaka tairi haijui mguu wako uko wapi. Mvumo wa tairi unabadilika na barabara, lami laini na lami chakavu, sio na mafuta. Na beringi ya hab (ya kwenye tairi) ingebadilisha sauti kwenye kona maana uzito unahamia upande mmoja, yeye kasema kona haibadilishi kitu. Hii ni difu.

KipimoKwanza
Mkuu hakuna kuzoeana hapo. Gia mpya zinazoeshwa ndio, yaani safari za mwanzo unaenda taratibu dakika 15 au 20 halafu unaiacha ipoe kabisa, na km 800 za mwanzo usivute trela wala kupakia mzigo mzito, lakini hiyo ni kwa sababu ya joto la meno mapya, sio dawa ya kelele. Difu iliyofungwa sawa inatoka kimya siku hiyohiyo, iliyotoka inalia itaendelea kulia mpaka meno yaliwe.

Ulichoeleza kuhusu mafuta ndo chenye jibu. Ukikanyaga, meno ya kraun yanabeba kwa upande mmoja, ukiachia yanabeba upande wa pili. Ikilia unapokanyaga tu mara nyingi pinioni imekaa kina kibaya, shimu (kipande chembamba cha kupanga nafasi) ya nyuma ya kichwa chake sio yenyewe. Ikilia unapoachia, mi huanza kushuku beringi za pinioni hazijakazwa inavyotakiwa, maana ukiachia mafuta pinioni inavutwa kwa ndani kuelekea kraun na ikipata nafasi ya kusogea inasogea, meno yanakutana pasipo pake.

BintiGereji
Naunga mkono. Na kuijua hata difu huhitaji kuifungua. Inua nyuma, weka stendi za uhakika (jeki peke yake usiingie chini!!), piga alama kwenye propela (shafti inayoleta nguvu kwenye difu) na flanji (sahani ya mbele ya pinioni inapofungwa propela) ili irudi ilivyokuwa, chomoa propela. Shika flanji kwa mikono miwili sukuma ndani vuta nje. Ikisogea hata kidogo tu, mkazo wa beringi haupo. Halafu muulize fundi ile bushi inayobonyea katikati ya beringi mbili za pinioni aliweka mpya au alirudisha ya zamani, usikubali jibu la juujuu.

PikapuNyekundu
Nimerudi wakuu. Flanji inaingia na kutoka, kidogo sana ila unaisikia tk tk. Bushi fundi anasema alirudisha ya zamani kwa kuwa haikuwa imepasuka. Mchezo (ule uwazi mdogo wa meno) kati ya kraun na pinioni tumepima kwa geji sehemu nne kuzunguka kraun, kote 0.15 mm. Sasa si nikaze tu hiyo nati kidogo mambo yaishe?

KipimoKwanza
Usikaze aisee. Bushi hiyo ni ya kutumika mara moja, ikishabonyea haina tena ule ukinzani wa kuishikilia nati, utakaza leo ikalegea tena au upitilize beringi zichemke. Nunua bushi mpya na nati mpya. Toa kraun kwanza, vifuniko vya beringi viwekee alama kushoto na kulia na shimu zake visichanganyane, maana huo mchezo wa 0.15 ni mzuri, gari nyingi ndogo zinataka kati ya 0.13 na 0.20 hivi, na ukiwa sawa pande zote ujue kraun imekaa bila kuyumba. Beringi za pinioni zikague, zikiwa na mikwaruzo badilisha, zimezunguka bila mkazo hizo. Kisha kaza nati kidogo kidogo huku unapima nguvu ya kuizungusha pinioni, namba ichukue kwenye kitabu cha gari, ila ukipitiliza hakuna kurudisha nati nyuma, ni bushi nyingine.

BintiGereji
Na kabla ya kufunika apake rangi ya alama kwenye meno machache ya kraun azungushe huku mtu anaizuia kidogo, mbele na nyuma. Alama ikae katikati ya jino. Ikizama chini kwenye mzizi wa jino pinioni imeingia sana, shimu ya nyuma ya kichwa ipunguzwe, ikiwa juu kwenye ncha iongezwe. Fundi akisema hana rangi tafuta fundi mwingine.

PikapuNyekundu
Asanteni sana, nimeshaagiza bushi na nati. Oili niliyoweka naweza kuirudisha? Bado safi kabisa.

BintiGereji
Mwaga. Tena ichunguze unapoimwaga, ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida kwa gia mpya, vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole sio kawaida. Weka oili ya gia ya daraja la GL-5 ya unene ulioandikwa kwenye kitabu chako, na hiyo nayo ibadilishe ukifika hizo km 800.