Naomba ushauri: paka wa mtaani kazaa nyuma ya tangi la maji

Habari zenu wakuu. Hapa Sinza kuna paka wa mtaani, hashikiki kabisa, kazaa watoto wanne. Nakadiria wana wiki sita. Nikisogea wanakimbilia chini ya mabati, na wakizidi kukua bila kuzoea mkono wa mtu itakuwa kazi kubwa. Kila jioni nakaa chini kimya, sahani ya dagaa wa kuchemsha karibu na mguu. Jana mmoja, wa rangi ya majivu, alikula mpaka akanigusa kidole. Nilifurahi mno!

Je, niwatenganishe na mama yao sasa? Na yeye nimnaseje bila kumuumiza, nimpeleke kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi? Anaweza kushika mimba tena hata akiwa ananyonyesha. Naomba mnijibu mapema, jirani anazungumzia sumu.