Jengo likianguka, injinia aliyegonga mhuri naye ashtakiwe?

Wakuu tujadili hili bila matusi. Kariakoo Novemba 2024 jengo limeshuka watu zaidi ya 20 wamekufa, taarifa zikasema chini kulikuwa kunachimbwa kuongeza sehemu ya biashara, wenye jengo wakapandishwa mahakamani Kisutu, Dar. Mwaka 2013 mtaa wa Indira Gandhi ghorofa 16 lilianguka likaua 36, na kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Msimamo wangu ni kwamba kama mhuri wa injinia upo kwenye michoro na yeye asimame kizimbani, awe alifika saiti au hakufika.

Nondo16: Mkuu unaonea watu. Mi niko kwenye hii kazi, mteja anakuja anataka mhuri apate kibali basi, ukimtajia hela ya usimamizi anakwambia fundi wangu ana uzoefu miaka ishirini. Nimechora nguzo nondo 6 za milimita 16 yeye kaweka 4 za 12 abane matumizi, hapo chuma kimebaki chini ya nusu. Zege nimeandika C25, yaani daraja la nguvu yake, wao wanakadiria kwa beleshi, likiwa zito wanamwagia maji lilainike, na kyubu, vile vipande vya zege vya kupima nguvu siku ya 28, hakuna hata aliyezitengeneza. Halafu nifungwe mimi??

Mleta mada: Sasa kaka kama unajua yote hayo unamgongea wa nini? Si umeshajua hatakuita tena

Nondo16: Nisipogonga mimi atagonga mwingine kwa bei ya chini, na ada ya shule inadaiwa.

Bi Mchoro: Hilo la "atagonga mwingine" ndo linatumaliza. Uingereza kuna mfumo unaitwa CROSS, injinia anaripoti kasoro aliyoiona na jina lake halitolewi, wenzake wanajifunza kabla watu hawajafa. Huku kwetu wanafunzi wa uhandisi wanapima nguvu ya zege na tofali za mtaani kwa kuziponda kwenye mashine kwa ajili ya projekti, majibu yanaishia kwenye kabati la chuo, halmashauri wala haijui. Kumfunga injinia sikatai ila unakuwa umeshachelewa, mi nasema kibali cha ghorofa kisitoke bila mkataba wa usimamizi uliolipiwa, na slabu, lile zege la sakafu ya ghorofa, isimwagwe mpaka injinia asaini nondo alizoziona kwa macho yake

Nondo16: Hapo nakuunga mkono dada. Ila hiyo hela ya usimamizi ishikwe na bodi ya wahandisi, mteja akiishika yeye ikifika ghorofa ya pili simu hapokei.

Mleta mada: Na akipewa bahasha asaini akiwa nyumbani?

Bi Mchoro: Huyo sasa mfunge.