Sare ya 10-10 ya mwaka 1966: Parseghian alikosea?

Yadi Thelathini: Wakuu, hili la mpira wa Kimarekani wa vyuo tulimalize leo. Tarehe 19 Novemba 1966, East Lansing, Notre Dame, namba 1 kwenye kura za taifa, yuko ugenini kwa Michigan State namba 2. Matokeo 10-10, imebaki dakika moja na sekunde kumi, Notre Dame ana mpira kwenye yadi yake ya 30. Kocha wa Notre Dame, Ara Parseghian, anaamuru mpira ukimbizwe katikati mpaka muda uishe. Wiki iliyofuata anampiga USC, chuo cha California, 51-0 na kura za waandishi na za makocha zinampa ubingwa wa taifa. Mimi nasema ule ulikuwa woga. Namba 1 hatafuti sare.

Mwana Tanga: Woga? Chunga neno hilo, ndugu. Kwotabeki wa Notre Dame (mrusha pasi), Terry Hanratty, aliteguliwa bega na Bubba Smith, mlinzi wa Michigan State, robo ya kwanza. Nick Eddy, mkimbiaji hatari kuliko wote, aliteleza akishuka kwenye treni, bega likaumia kabla ya mechi. Senta George Goeddeke, kifundo cha mguu. Aliyebaki kurusha ni Coley O'Brien, kijana wa kisukari anayeishi kwa insulini. Na timu hiyo ilitoka nyuma 10-0! Halafu si kweli kwamba hawakujaribu. Jaribio la nne, la mwisho kabla ya kumwachia mpinzani mpira, ikitakiwa yadi moja, wako nusu yao wenyewe, O'Brien alijipenyeza akaipata. Angekwama pale, Michigan State alikuwa na Dick Kenney, yule anayepiga peku, aliyekwisha kufunga teke la nguzoni (pointi 3) la yadi 47. Kisha O'Brien akarudi nyuma arushe, Bubba Smith akamwangusha, zikapotea yadi 7. Huo ni woga?

Shabiki wa Lansing: Mnasahau kwamba Azzaro, mpiga teke wa Notre Dame, alikosa teke la yadi 28 dakika za mwisho. La yadi 28! Timu inayokosa hilo haistahili kuitwa bingwa.

Mzee wa Chaki: Umechanganya, kaka. La 28 ndilo alilofunga, mwanzo wa robo ya nne, ikawa 10-10. Alilokosa ni la yadi 41, zikiwa zimebaki dakika 4 na ushee, na lilipita pembeni kidogo sana. Fuateni lilivyofika kuwa 41, maana kosa liko hapo. Tom Schoen wa Notre Dame aliiba pasi ya Jimmy Raye, kwotabeki wa Michigan State, akaifikisha yadi ya 18 ya wapinzani. Mkimbio wa kwanza, yadi 2. Wa pili wakampeleka Dave Haley pembeni, akakamatwa nyuma, hasara yadi 8. Sasa wako yadi ya 24. Pasi ikaanguka. Mpira wa teke hushikwa yadi 7 nyuma ya mstari, na nguzo za vyuo zilikuwa yadi 10 nyuma ya mstari wa goli, tofauti na NFL, ligi ya kulipwa, ya wakati ule iliyoziweka juu ya mstari wenyewe. 24 na 7 na 10, ndiyo 41. Bila hasara ile, teke lingekuwa la yadi 33. Ukitaka kumlaumu Parseghian, mlaumu kwa mkimbio huo wa pembeni. Tena Duffy Daugherty, kocha wa Michigan State, naye, akiwa 10-10 dakika za mwisho na nyumbani kwake, alipofika jaribio la nne aliupiga mpira mbali, akawaachia wapinzani. Mbona yeye haitwi mwoga?

Kusini Kwetu: Mnagombania sare, na aliyeshinda mechi zote hatajwi! Alabama ya Bear Bryant, 11 kwa 11, ikawekwa namba 3. Kwenye Sugar Bowl, moja ya mechi za bowl za kufunga msimu, ikamchapa Nebraska 34-7. Huo ndio wizi wa mwaka 1966.

Shabiki wa Lansing: Alabama ile haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Weusi wa Michigan State walitoka kusini: Bubba Smith ni wa Beaumont, Texas. George Webster ni wa Anderson, South Carolina. Gene Washington, La Porte, Texas. Raye, Fayetteville, North Carolina. Vyuo vikubwa vya kwao viliwafungia mlango, wakaenda kaskazini kwenye baridi. Machi 1967, kwenye majina 8 ya kwanza yaliyochaguliwa kwenda ulipwaji, 4 yalikuwa ya Michigan State. Usiniletee 11 kwa 11 ya timu iliyokataa kuwasajili watu hawa.

Kusini Kwetu: Usinilishe maneno, sijatetea ubaguzi. Nauliza kura zilihesabu nini. Kama ni weusi, kwa Notre Dame mweusi aliyeanza mechi alikuwa Alan Page peke yake. Mbona yeye alipewa kombe?

Mwana Tanga: Mmoja na sifuri si sawa! Na Page unayemtaja kama mapambo alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota. Mheshimu.

Kusini Kwetu: Nani kasema mapambo? Rudi usome.

Mzee wa Chaki: Tulieni. Mwaka 1964 Alabama alipewa ubingwa kabla ya mechi za bowl, kisha Texas akamfunga 21-17. Mwaka 1965 waandishi wakasubiri bowl ziishe, na Alabama akapanda kutoka namba 4 hadi 1. Mwaka 1966 wakarudia utaratibu wa zamani, kwa hiyo ile 34-7 haikuhesabiwa. Notre Dame hakuwa akicheza bowl tangu ile Rose Bowl ya 1925. Michigan State alizuiwa na kanuni ya Big Ten, ligi yake, ya kutorudia Rose Bowl mwaka unaofuata, nafasi ikaenda kwa Purdue. Hakukuwa na mechi ya kuamua.

Kusini Kwetu: Basi umenijibu. Alabama alinyimwa na kalenda.

Shabiki wa Lansing: Kalenda hiyo hiyo ilimbeba mwaka 1964! Na Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa mpira Alabama, kaingia chuoni mwaka gani? 1970. Jibu hilo.

Yadi Thelathini: Jamani, mada ilikuwa Parseghian.

Kusini Kwetu: Nitamjibu huyu kwanza.