Mrejesho: Urukususu katika chai ya mama

Assalam aleikum. Nilikuwa nimeuliza iwapo mama yangu, mwenye shinikizo la damu, anaweza kuendelea kunywa chai ya mchaichai, tangawizi na urukususu (mzizi mtamu) ninaomnunulia sokoni Marikiti. Nawashukuru sana mliosisitiza tumwone daktari kwanza, kwani alitueleza kwamba mzizi wa urukususu una glisirizini, kemikali inayoufanya mwili uzuie chumvi na maji huku ukipoteza potasiamu, na hivyo presha huweza kupanda kwa anayeunywa kila siku. Mama alihuzunika, maana utamu ule ameuzoea tangu utotoni. Sasa tunamchemshia mchaichai na kipande kidogo cha tangawizi, na vipimo vyake vya wiki hizi tatu vimeshuka, ingawa dawa za hospitali hajaziacha hata siku moja.